Deni la Jengo

Kabla jeneza la baba halijatoka
nilisikia kutoka ndani, kwa wanawake,
mjomba akiuliza barazani:
Anayemdai marehemu ajitokeze.
Wakajitokeza wanne.
Wa kwanza muuza dizeli, daftari kwapani.

Nikarithi jengo la Barabara ya Tisa, Ngamiani:
ukuta mnene wa chokaa, mwaka 1938 juu ya mlango,
mashine mbili za barafu, moja ina pumu,
na jenereta iliyokunywa dizeli
kuliko baba alivyokunywa kahawa.
Luku ikilia usiku niliamka kama mzazi.
Umeme ukikatika saa tano, wachuuzi wa samaki wa Sahare
walisimama na ndoo, wakitazama mali yangu
ikitiririka kuelekea mtaroni.
"Mwanamkasi," akasema Bi Mkadamu, "leo maji shilingi ngapi?"

Basi alipokuja Shemhilu wa manispaa,
baiskeli ukutani, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo,
akatandaza karatasi zake juu ya friza,
nilimuwahi: Mimi sikopi.
Akasema: Hukopi wewe. Linakopa jengo.

Nikautazama ukuta.
Ukuta haujawahi kushika kalamu.

Akaeleza, kidole kikifuata maandishi:
manispaa imeuza hatifungani, fedha imepatikana,
fedha itanunua paneli arobaini na betri zake,
na kila mwaka kwenye ankara ya jengo,
chini ya ushuru wa taka,
utaongezeka mstari mmoja,
miaka kumi na mitano.
Ukiuza, mnunuzi ananunua na mstari.
Ukifa —
hapo akakohoa, adabu za Kitanga —
mstari unabaki na nyumba.

Nikamuuliza la riba. Sikumwachia.
Akasema manispaa inanunua kwanza, kisha inaniuzia,
faida imetajwa, haizai nikichelewa.
Nikaipeleka karatasi kwa mwalimu wa chuo, Makorora.
Akaisoma mara mbili, akavua miwani:
"Bei naiona. Hila siioni.
Lakini macho yangu yenyewe haya."

Jirani Hasmukh akaniambia nyumba yenye deni haiuziki.
Dada akapiga simu toka Dar, sauti juu:
unawafunga wanetu jiwe shingoni!
Nikamjibu: jiwe walishazaliwa nalo,
lilikuwa linanuka dizeli.
Akakata.

Na karatasi haikusema kila kitu.
Mafundi walipopanda, mwezi wa pili, jua la kuchoma kope,
mguu wa mmoja ukatokea darini:
mbao zilikuwa unga, bati ungo.
Paa jipya halikuwemo kwenye hesabu ya mtu yeyote.
Mkufu wa mama ulipanda juu kabla ya paneli.
Mpaka leo nikitazama dari, shingo inaniwasha.

Sasa mashine zinaanza kuunguruma jua likikomaa.
Ile yenye pumu bado ina pumu.
Siku za mawingu tunapima barafu kwa uchoyo,
na Bi Mkadamu hajaacha mdomo wake.
Muuza dizeli hupita, hunisalimia kwa nusu ya salamu.

Jana ankara ya kwanza imefika.
Nimeisoma kwa kidole, kama Shemhilu:
jengo, taka,
na pale chini ule mstari,
mfupi kuliko nilivyouogopa,
mrefu kuliko nilivyoombea.
Nimelipa. Nimeitundika msumarini
palipokuwa na daftari la baba.

Nanyi wanangu, nisikilizeni.
Siku yangu ikifika, mjomba wenu atasimama barazani
aulize kama ilivyo desturi.
Anayenidai mimi chumvi, sukari, neno baya, mlipeni.
Lakini akija mtu wa manispaa na karatasi yake
mpeni kiti, mpeni maji ya barafu, mwambieni
mdaiwa hayumo humu jenezani.
Yuko Barabara ya Tisa, amesimama wima,
anashinda juani,
analipa.